Nianze na mgonjwa yupi?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Mgonjwa mmoja analia kwa maumivu ya kidonda cha upasuaji. Mwingine, mwenye nimonia, amenyamaza, anapumua mara 28 kwa dakika na ameanza kuchanganyikiwa. Nimhudumie nani kwanza?

JIBU: Anza na aliyenyamaza. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na kuchanganyikiwa kulikozuka ghafla huenda kukaashiria kwamba ubongo haupati oksijeni ya kutosha, hata kama shinikizo la damu bado ni la kawaida, kwa kuwa mwili hujikaza kwa muda kabla ya kushindwa. Mketishe wima, pima kiwango cha oksijeni, mwongezee ikiwa imepungua, na daktari aitwe upesi bila wewe kumwacha mgonjwa peke yake. Yule anayelia (kilio chenyewe chaonyesha kwamba hewa inapita) mwombe mwenzako amkague kidonda na kumpa dawa aliyoandikiwa.