Usitume pesa ya hiyo jezi kwanza

Usitume. Funga programu ya benki, weka simu chini, soma hapa kwanza.

Umeuliza mambo matatu: kama bei ya hiyo jezi iliyosainiwa na kuvaliwa kwenye mechi ni ya haki, kama uifue kabla ya kuiweka kwenye fremu, na kioo gani kinazuia wino usipauke. Halafu mwishoni ukatupia, kama vile ni jambo dogo, kwamba kuhusu uhalisi huna wasiwasi kwa sababu ina cheti, ina hologramu (ile stika inayometameta), na muuzaji kakutumia picha ya mchezaji akisaini. Mkuu, hicho ulichokitupia mwishoni ndicho swali lenyewe. Na waliotangulia kukujibu hapo juu wameshaanza kukupigia hesabu za bei. Bei ya nini? Hakuna hata mmoja anayejua hiyo ni jezi ya nani.

Vyote hivyo vitatu nilikuwa navyo. Cheti cha karatasi ngumu chenye ukingo wa dhahabu. Stika inayometameta, imebandikwa karibu na pindo la chini. Picha ya mchezaji kainama mezani, kalamu mkononi, anacheka. Na kwa kuwa najiona mjanja (chekeni tu), nikasema cheti hakiniingizi mjini hivi hivi. Nikachukua namba ya stika, nikaiingiza kwenye tovuti iliyoandikwa kwenye cheti. Ikaja tiki ya kijani, jina la mchezaji, picha ya jezi. Nikajiona mpelelezi. Pesa ikaenda.

Tovuti ilikuwa ya muuzaji. Cheti kaandika yeye, stika kachapisha yeye, orodha ya namba za stika anaitunza yeye. Nilimuuliza mtu mmoja swali moja kwa njia tatu, na kote akajibu ndiyo. Ulitegemea ajibu nini?

Nilikuja kushtuka siku nilipotaka kuiuza. Wanamnada wakagoma hata kuipokea mpaka ipite kwa mthibitishaji wa nje. Nikaituma kwa mbwembwe zote. Ripoti iliyorudi haikujaa hata ukurasa, na kila mstari wake ulikuwa kofi. Nakuwekea hapa, maana mengi unaweza kuyaangalia hata leo kwa picha za simu.

Lebo ndogo ya ndani, ile iliyo karibu na maelekezo ya kufua, huwa na namba ya bidhaa kwenye jezi za viwanda vikubwa. Namba ya kwangu ilikuwa ya toleo la mashabiki, lile la madukani, si lile wanalopewa wachezaji. Beji ya kifuani ilikuwa ya kushona, na msimu ule wachezaji wa timu ile walivaa beji za kubandikwa kwa joto. Kwa hiyo jezi yangu "iliyovaliwa uwanjani" kama iliwahi kufika uwanjani, basi ilikaa jukwaani na ilikata tiketi.

Madoa ya nyasi nayo! Yalikuwa mabegani, kushoto na kulia, ukubwa mmoja, rangi moja, yamesuguliwa kwa mwelekeo mmoja. Ni mchezaji gani anaanguka bega hili, anainuka, anaangukia na la pili ili madoa yalingane?

Sahihi ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa sababu ilikuwa mbele ya macho yangu muda wote. Mtu anayesaini jina lake kila siku haliandiki, analirusha. Mstari unaanza mwembamba, unakolea, unaisha na mkia. Ile yangu ilichorwa: mwanzo butu, mwisho butu, na katikati vidoti vya wino vilivyovimba pale kalamu iliposimama kufikiria iende wapi. Na ile picha ya mchezaji akisaini? Nilipoikuza vizuri, kwenye picha sahihi inakatiza juu ya mguu wa ile 1 ya namba 10. Ya kwangu imekaa pembeni ya 1, kwa adabu zake, haijagusa kitu. Picha haikuwa feki, mkuu. Mchezaji ni yeye, anasaini kweli kabisa. Ila anasaini jezi nyingine.

Sasa hivi nina nguo ya kulalia iliyo ghali kuliko kitanda.

Na sikufika kwa yule muuzaji kwa bahati mbaya. Nilipelekwa. Kulikuwa na mkongwe mmoja kwenye kundi letu la wakusanyaji, kila mtu anamwita mwalimu, ukiweka picha ya kitu yeye ndiye wa kwanza kutoa hukumu. Nilimuuliza waziwazi, huyu muuzaji unamwamini? Akanijibu, "Cheti kipo, hofu ya nini?" Baadaye nikaja kujua kwamba kwa kila mteja aliyempeleka kule, mwalimu alikuwa anakatiwa chake na muuzaji. Nilipomrudia akaniambia kukusanya ni burudani, nisiwe na roho ndogo. Burudani! Aliyeburudika ni yeye na pesa yangu. Halafu muuzaji naye akanikumbusha kwamba cheti kina "dhamana ya maisha". Ni kweli kilikuwa nayo. Sikuuliza maisha ya nani, na akaunti yake ilipofungwa ndipo nikaelewa kwamba ni ya akaunti.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na nitaiandika kwa herufi kubwa hata kama moderata atanuna: ANAYETHIBITISHA ASIWE ANAYEUZA, WALA ASIWE ANAYEPATA CHOCHOTE JEZI IKIUZWA. Basi. Cheti cha muuzaji ni tangazo la biashara lililopigwa muhuri.

Usidhani ni wivu wangu. Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, FBI walipoendesha Operesheni Bullpen, walikuta mtandao mzima wa waghushi wa sahihi, na bidhaa zao zilitembea na vyeti kama kawaida. Walikamata hadi mipira ya besiboli yenye "sahihi" ya Mama Teresa. Mama Teresa, jamani, na cheti kikadai ni halali! Tony Gwynn, mchezaji wa besiboli, alikuta sahihi zake za kughushi zikiuzwa ndani ya duka la timu yake mwenyewe. Ndiyo maana MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, ilianzisha mfumo wake mwaka 2001: mthibitishaji, mara nyingi polisi wa sasa au mstaafu, anakuwepo uwanjani, anakiona kitu kikitumika, na stika yenye namba inabandikwa pale pale. Hiyo ndiyo hologramu yenye maana, kwa sababu kuna mtu nyuma yake aliyeona kwa macho. Ya kwako nyuma yake kuna nani? Printa.

Tazama na ile jezi ya Maradona ya mechi dhidi ya Uingereza, Juni 22, 1986, mechi ya bao la mkono. Steve Hodge, mchezaji wa Uingereza, alibadilishana naye jezi baada ya filimbi na akakaa nayo miaka yote hiyo. Wanamnada wa Sotheby's walipotangaza kuiuza mwaka 2022, familia ya Maradona ikasema hapana, hiyo ni ya kipindi cha kwanza, si aliyofungia. Hapo una mchezaji aliyeipokea mkononi mwa Maradona, yupo hai, anasimulia mwenyewe, na bado neno lake halikutosha. Ilipelekwa kwa kampuni ya nje ya kulinganisha picha, wakaichambua dhidi ya picha za mechi: beji, mistari, namba zilivyokaa. Zile jezi zilinunuliwa haraka haraka Mexico City na kuwekwa beji na namba siku chache kabla ya mechi, kwa hiyo hazikukaa sawasawa kama za kiwandani. Ikalingana na ya mabao yote mawili, ikauzwa pauni milioni 7.1. Sasa kama Hodge hakuaminiwa kwa mdomo, muuzaji wako wa kwenye meseji ni nani?

Najua kuna mtu atakuja kuniambia hata wathibitishaji hukosea. Ndiyo, hukosea, na vibaya. Ile kadi ya zamani ya mchezaji wa besiboli Honus Wagner, ya mfululizo wa T206, aliyoinunua nyota wa hoki Wayne Gretzky na mwenzake mwaka 1991 kwa dola 451,000, ilipewa daraja la 8 kati ya 10 na PSA, kampuni ya kupima na kuthibitisha kadi. Mwaka 2013 mnadishaji Bill Mastro akakiri kwamba aliikata kingo zake, na kadi iliyokatwa haikustahili daraja hilo. Lakini angalia, hapo walidanganywa na mtu aliyejua kazi yake. Wewe unataka kuruka hata hatua hiyo.

Fanya hivi. Mwambie muuzaji unataka jezi ipite kwa mthibitishaji utakayemchagua wewe, gharama juu yako, na pesa ikae kwa mtu wa kati au kwenye njia ya malipo yenye haki ya kurudishiwa. Asiye na la kuficha atalalamika kuhusu muda. Mwenye la kuficha atakuambia kuna mteja mwingine anasubiri, umalize leo jioni. Amekwambia hivyo, siyo? Mwache huyo mteja mwingine aichukue, kama yupo.

Na jina la mthibitishaji usilitoe kwenye cheti. Litafute mwenyewe, na namba ya stika uiingize kwenye tovuti uliyoifikia mwenyewe, si kwa kiungo alichokutumia yeye.

Weka hapa picha za lebo ya ndani, pande zote mbili, na sahihi kwa karibu, bila fleshi. Na ile picha ya mchezaji akisaini iweke katika ukubwa wake halisi, si ile iliyokatwa. Nipo macho.