Nyaraka za mfumo wa kompyuta, maswali na majibu: kiolezo au tuandike wenyewe?

Nasoma kompyuta hapa Mtwara. Msimamizi anataka waraka wa mahitaji kwa kiolezo cha IEEE 830 (mwongozo wa kuandika mahitaji ya programu), na vipengele kadhaa havinihusu. Nivijaze tu?

Usijaze. Andika "hakihusiki" na sababu yake kwa sentensi moja, ataona umefikiri. Mweleze pia kwa heshima kwamba toleo hilo ni la 1998, na mwaka 2011 nafasi yake ilichukuliwa na ISO/IEC/IEEE 29148.

Tunatengeneza mfumo wa kupokea korosho kwa AMCOS moja (chama cha ushirika cha wakulima) huku Newala. Mwenzangu kapakua arc42, kiolezo cha kueleza muundo wa mfumo, mimi nataka tuanze na karatasi tupu. Nani yuko sahihi?

Mwanzoni, mwenzako. Kiolezo hicho cha Gernot Starke na Peter Hruschka kina vipengele 12, na kitawakumbusha mambo ambayo watu wenye haraka huyasahau: mipaka ya mfumo, mifumo mingine unayopeana nayo taarifa, hatari zinazojulikana.

Lakini hakuna kiolezo kinachoijua stakabadhi ghalani, yaani utaratibu wa mkulima kupewa stakabadhi mzigo wake ukikaa ghalani hadi uuzwe mnadani. Uzito unaoandikwa ni kabla au baada ya kutoa uzito wa gunia? Mzigo uliopokelewa chamani kama daraja la kwanza ukishushwa la pili ghala kuu, rekodi ipi inabadilika, na kwa ruhusa ya nani? Wakulima wakikataa bei mnadani, mzigo unasomekaje kwenye mfumo hadi mnada unaofuata? Makato yanakokotolewa wakati gani?

Haya yaandikeni kwa maneno ya karani wa mzani, kisha mkamsomee. Akiwakatiza, "Hapana, sisi hatufanyi hivyo," futeni muandike upya palepale. Mimi ningetumia sehemu kubwa ya muda wangu hapo, maana ukikosea hapo unagusa fedha ya mkulima aliyeingojea msimu mzima.

Niko peke yangu Lindi, nimeunda programu ya duka la dawa. Nahitaji nyaraka kweli?

Ukurasa mmoja wa README, yaani faili la maelezo linalokaa pamoja na programu: inavyosakinishwa, nakala rudufu inapokaa, inavyorejeshwa. Kiolezo cha nini?

Mtengenezaji ametukabidhi kitabu kinene cha mfumo, lakini ndani kuna jina la taasisi nyingine. Tumlipe awamu ya mwisho?

Kama mkataba unawaruhusu kuizuia, subirini. Jina linafutika kwa dakika moja, ila linaonyesha kwamba huenda hakuna aliyekisoma kitabu hicho akiwafikiria ninyi. Mpeni mtumishi ambaye hajawahi kuugusa mfumo, awe na kitabu tu, asimuulize mtu: asajili mwanachama, asahihishe ingizo lililokosewa, arejeshe data kutoka nakala rudufu kwenye kompyuta ya majaribio. Kila anapokwama, mtengenezaji aandike upya.

Someni wenyewe sehemu ya taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawabana ninyi mnaozitunza, hivyo ieleze nani ofisini kwenu anaona namba za simu na akaunti za wanachama. Isipoeleza, irudisheni.