Nyumba ya marehemu baba Mji Mkongwe: tubomoe, tuuze au tutengeneze?

SWALI: Assalaam alaykum mhandisi. Marehemu baba ametuachia nyumba ya ghorofa mbili Mji Mkongwe, Unguja. Tupo ndugu watano, wanaume watatu na wanawake wawili. Mama alitangulia. Mimi nipo Maskati, na ni mdogo wetu tu aliyebaki Unguja. Nyumba imefungwa tangu mpangaji atoke miaka minne iliyopita. Plasta ya saruji tuliyopiga chini inabambuka, kuta zinatoa unga mweupe, na chumba kimoja cha juu sakafu imebonyea. Kaka mkubwa anataka tubomoe tujenge ya matofali, mwengine anasema tuuze hivyo hivyo. Unashauri nini?

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Poleni kwa kuondokewa.

La kubomoa mwambie kaka asahau. Mji Mkongwe ni eneo la hifadhi, na tangu 2000 umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Huangushi nyumba wala hubadili sura yake bila kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Tena nyumba zile zimeegemeana. Ukiutoa ukuta wako, wa jirani nao unaweza kufuata.

Sasa ugonjwa wenyewe. Kuta hizo ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, unene nusu mita au zaidi. Hunywa maji ya ardhini kisha huyatoa kidogo kidogo, na ndivyo zilivyodumu. Mlipopiga saruji mliziba njia ya kutokea. Maji yanapanda juu zaidi kutafuta pa kupumulia, yakikauka yanaacha chumvi, na huo ndio unga mweupe. Kila mwaka naona watu wakibambua saruji iliyoharibika wakapiga nyengine nzito zaidi, halafu wanalaumu mchanga! Bambueni yote, ukuta ukae wazi kiangazi kizima, ndipo mpige plasta ya chokaa iliyolowekwa shimoni kwa wiki kadhaa.

Sakafu iliyobonyea inanitia wasiwasi zaidi. Imebebwa na boriti za mikoko, na juu yake mawe na chokaa iliyoshindiliwa. (Vyumba vya wazee wetu ni vyembamba kwa sababu hiyo: boriti haivuki sana mita 3.) Boriti kwa kawaida huanza kuoza kichwani, pale ilipoingia ukutani. Mdogo wenu achukue bisibisi, asimame chini ya upande ulio mzima, achome kila boriti inapogusana na ukuta. Ikigota, nzima. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, hiyo imekwisha, hata kama katikati yake ni ngumu kama chuma. Chumba kilichobonyea asikiingie wala asipite chini yake mpaka fundi anayezijua nyumba za chokaa akikinge kwa mirunda, na ubao mpana chini ya kila mrunda. Boriti haing'olewi kabla ya hapo. Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu) ya 1883, hapo hapo Mji Mkongwe, iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini, na watu wawili wakafa.

Huko juu kuna tangi la maji? Nimeyakuta mengi: lita 1,000, yaani tani nzima, limewekwa katikati ya chumba juu ya boriti za zama za mababu, na bomba linavuja. Likiwepo, lifunguliwe limwagike lote kwenye mfereji. Kisha tengenezeni mabati na mifereji ya paa, kabla masika hayajaingia Machi.

Kuuza kunawezekana, lakini si hivyo hivyo. Mnunuzi akiona sakafu imebonyea atakata bei ya nyumba nzima kwa boriti nne mbovu. Na kabla ya bei, karatasi. Mirathi ipite kwa Kadhi: kama warithi ni nyinyi watano tu, nyumba ni hisa nane, kila mwanamume mbili, kila mwanamke moja. Ulizeni pia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Niliwahi kumkagulia mnunuzi nyumba siku tatu, nikapima hadi ngazi, mwisho ikaonekana ni wakfu, haiuzwi.

Mimi ningeziba paa, ningetoa saruji, ningebadili boriti mbovu, kisha ningeipangisha ili madirisha yafunguliwe kila siku. Mwenye uwezo kati yenu awanunue wenzake hisa zao. Lakini kama hakuna hata mmoja atakayekwenda kuitazama baada ya kila masika, basi uzeni, tena mapema, maana nyumba ya chokaa iliyofungwa huoza haraka kuliko inayokaliwa.

Nijibu mambo mawili: boriti ngapi zimezama bisibisi, na kama tangi lipo.