Usiuze hata tiketi moja kabla kikosi hakijasaini

Mleta uzi, simama hapo hapo. Umesema mchoro umekamilika, kesho unaanza kuuza tiketi za bahati nasibu ya kuushindania, hela zinaingia kwenye akaunti yako, droo mwisho wa mwezi, halafu unakipelekea hizo hela kikosi cha waokoaji wa kujitolea wa eneo lenu. Ukauliza bei ya tiketi, ziwe ngapi, na mshindi atumiweje mchoro usiharibike. Bei isubiri. Hapo kwenye "akaunti yangu" ndipo nyoka aliponiuma, na sasa nikiona unyasi tu naruka.

Mimi nilichora mbwa wa utafutaji. Akriliki kwenye kanvasi, sentimita 60 kwa 80, kizibao cha rangi ya chungwa, pua chini, sikio moja limegeuka ndani nje. Wiki tano za kazi. Nikamuuliza rafiki yangu mmoja anayejiita mtu wa masoko nifanyeje. Akajibu bila hata kufikiri: "Usiite bahati nasibu, ita mchango. Mtu anachangia, unampa namba. Nani atakuuliza?" Nikamwamini. Alikuwa na kompyuta nzuri sana.

Ujinga mtupu! Nchi nyingi hawaangalii umeiitaje, wanaangalia mambo matatu: watu wanalipa ili washiriki, mshindi anapatikana kwa bahati, na kuna zawadi. Yakikutana yote matatu, hiyo ni bahati nasibu hata uibatize jina la mama yako. Na ina sheria zake. Uingereza ipo chini ya sheria ya michezo ya kubahatisha ya 2005: chama cha hisani kinachochezesha bahati nasibu ndogo kinajisajili kwanza halmashauri, na angalau asilimia 20 ya mauzo lazima iende kwenye lengo lenyewe. Marekani kila jimbo lina lake. Mengi yanaziachia taasisi za hisani tu, na Utah hawataki kabisa. Tena kule kule Marekani mamlaka ya kodi haiihesabu tiketi kuwa mchango wa kupunguziwa kodi. Kwa hiyo ukiandika "mchango" unamdanganya hata huyo mnunuzi. Kwenu sijui ni wapi, ila usiniambie hakuna sheria. Ipo, inakusubiri.

Niliuza tiketi 214 kwa siku tisa. Siku ya kumi kampuni ya malipo ikaifungia akaunti yangu: barua pepe ya mistari mitatu, bahati nasibu ni marufuku kwenye masharti yao. Kweli ilikuwa imeandikwa. Nilibonyeza "nakubali" kama mnavyobonyeza nyote, msinicheke. Ikabidi nirudishe hela, mtu mmoja mmoja, mara 214, na yale makato ya kila muamala hayarudi, nikafidia mfukoni. Kuna mzee aliniandikia, "Zangu baki nazo, wape vijana." Sikuweza hata hilo.

Lakini hela ni hela. Kilichonimaliza ni simu ya mratibu wa kikosi. Nilikuwa nimeweka nembo yao kwenye tangazo bila kuwauliza, nikijua nawafanyia wema, na nani anaomba ruhusa ya kufanya wema? Hakufoka. Alisema watu wanawapigia kuulizia hela za tiketi, kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Ile namba huwa tunaitumia kwa mambo mengine." Bora angenitukana. Wakalazimika kutangaza kwamba hawaijui hiyo bahati nasibu. Nilipojaribu kuwapa kiasi kutoka mfukoni mwangu, wakakataa kwa upole, hawakutaka jina lao liguswe tena. Wale watu wanaacha kazi zao na kuamka usiku kumtafuta mtu wasiyemjua, bila mshahara. Jina zuri ndilo linalowaletea kamba, redio na taa za kichwani. Mimi nililichezea kwa siku tisa.

Yule wa masoko nilipomweleza, akajibu "pole". Herufi nne, hata nukta hakuweka.

Kwa hiyo: kikosi ndicho kichezeshe, wewe uchore. Waandikie, wakubali kwa maandishi. Wao wenyewe, au taasisi iliyosajiliwa inayowasimamia, waombe kibali. Hela ziingie akaunti yao, tiketi ziwe na namba na jina lao, na mchoro uwakabidhi kwa karatasi kabla tiketi ya kwanza haijauzwa. Wakisema hawana muda, usiwalaumu, fanya mnada. Mwenye dau kubwa anachukua, bahati haipo, na zile kelele zote zinapungua. Hata huo waulize kwanza kama jina lao litumike. Au uza mchoro kimya kimya, uwapelekee hela, ukalale.

Haya, bei ya tiketi watapanga wao. Kusafirisha: usikunje kanvasi. Uliuliza na kitu kingine, kimenitoka.

Mbwa wangu ninaye bado, yuko ukutani juu ya meza ya kazi, pua chini. Mwezi ule ndiye pekee aliyekuwa ananitafuta. Sasa niambie, hizo tiketi umeshazichapisha? Na zina nembo ya kikosi? Kama zina, wapigie leo, lakini si kwa namba ya dharura.