CD5 pekee haithibitishi kasinoma ya thaimasi
Je, ripoti ya uvimbe wa thaimasi (tezi iliyo kifuani) ikiandika "CD5 chanya", yaani protini CD5 imeonekana kwenye kipimo cha rangi, ni kasinoma (saratani kali ya tezi hiyo)? Hapana, hilo pekee halitoshi kusema ni kasinoma. Limfosaiti T za kawaida (seli za kinga), ambazo hujaa kwenye thaimoma nyingi (uvimbe wa aina nyingine wa tezi hiyo), nazo hushika CD5, yaani huchukua rangi ya kipimo hicho. Sisi tunaosoma slaidi hizi tunatafuta ile rangi ya kahawia ya kipimo kwenye ukingo wa seli za epithelia (seli za uvimbe) zenyewe: zikishika CD5 na CD117 (protini nyingine) pamoja, kasinoma ya thaimasi inapewa uzito mkubwa. Zisiposhika, na katikati yake kuna limfosaiti changa ambazo viini vyake vimeshika TdT (kimeng'enya cha limfosaiti changa), tunaelekea thaimoma. Ila thaimoma ya aina A huwa na limfosaiti chache, TdT inaweza isionekane. Tafadhali mwulize daktari ni seli zipi hasa zilizoshika.