Nilisaini Mwenyewe, na Hela Yangu Imerudi

Siku mbili baada ya kupokea awamu ya mwisho ya fedha zangu, dada mmoja wa Nansio kaniandikia. Baba yake mdogo, aliyemlea tangu darasa la pili, kamsainisha karatasi ya kumuuzia mtumbwi aliorithi, kwa bei ya kutupa. "Nimeshasaini, nifanyeje tena?" Maneno hayo niliyasema mimi pia, yananiuma mpaka leo.

Mimi nilinunua injini ya boti iliyotumika, milioni nne. Muuzaji tulikuwa tunasali naye. Tulikaa Kirumba, Mwanza, karibu na soko la Mwaloni, nikamuuliza mara mbili kama imewahi kufunguliwa. Akasema haijaguswa hata nati moja. Tukaandika hivyo kwenye mkataba, mashahidi wakasaini.

Mwezi haujaisha, fundi kule Igombe akavua kifuniko. Vichwa vya bolti vimelika kwa spana, gundi nyekundu ya gasketi imefurika pembeni. "Mama, hii imefunguliwa zaidi ya mara moja." Nikakaa mchangani, miguu imekufa ganzi.

Kosa langu likaja hapo. Badala ya kusimama, niliivulia dagaa giza zima, yaani siku zote zisizo na mbalamwezi, nikitafuta angalau hela ya mafuta. Nilikuwa najua, na bado nikaitumia. Wakili aliponisikiliza, hilo ndilo lililomkunjisha uso.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inataka ridhaa iwe huru: isitokane na shuruti, ushawishi usiofaa, udanganyifu wala maelezo ya uongo. Ikitokana na hayo, kifungu cha 19 kinampa aliyeonewa hiari ya kuuvunja mkataba. Hiari, jamani! Mkataba wa mtoto wa miaka 16 ni batili tangu mwanzo, hauhitaji mtu auvunje. Huu wetu unaishi mpaka wewe useme basi. Ukishajua ukweli ukaendelea kuutumia, unaonekana umeukubali.

Muuzaji alijitetea kwamba ningeweza kuleta fundi kabla ya kununua. Utetezi huo una nafasi pale mtu aliponyamaza, au aliposema lisilo kweli akiamini ni kweli. Huyu aliulizwa, akadanganya akijua, na maandishi yapo. Niliandika barua ya kuuvunja mkataba, nikaipeleka injini hadi kwake, maana anayeuvunja naye hurudisha alichopokea. Kesi haikufika mahakamani. Kwa lile giza moja nilikatwa laki sita. Milioni tatu na laki nne zimerudi zote, shilingi kwa shilingi.

Kwa hiyo acheni kuambiana kwamba sahihi ni sahihi. Muulize mtu swali, jibu liandikwe. Ukigundua uongo, simama siku hiyo hiyo, andika barua, tunza nakala.

Dada wa Nansio, mlezi akitumia nguvu aliyonayo juu yako kujipatia faida isiyo ya haki, huo ndio ushawishi usiofaa wenyewe. Unasema amebakiza laki tatu, atakuletea Jumamosi. Usizipokee. Alizokwisha kukupa ziweke pembeni usizile, kisha nenda na ile karatasi kwa wakili kabla Jumamosi haijafika.