Unga wa funza kwa samaki: mafuta ndiyo yaliyonitesa

Siku ya kwanza kusaga funza wangu, mashine ilikwama kabla sijamaliza debe moja. Nilipoifungua nikakuta chekeche limezibwa na uji mzito wa kahawia, unang'aa kama siagi ya karanga. Habari za protini nilikuwa nimezisikia sana. Za mafuta hakuna aliyenidokeza.

Funza ninaowasema ni mabuu ya nzi askari mweusi, si hawa nzi wa chooni. Nzi mwenyewe akikomaa hali chakula, basi hana haja ya kukufuata mezani. Mabuu hula mabaki ya matunda na mboga, na penye joto la kutosha huwa tayari kwa wiki 2 hivi. Wakikauka, protini ni kama asilimia 40, ila mafuta yanaweza kufika asilimia 30. Mafuta hayohayo ndiyo yaliyofanya tembe zangu za chakula cha samaki zimeguke, yakatandaza utando wa rangirangi juu ya bwawa, na gunia nililolihifadhi likachacha.

Siku hizi nawakamua. Kwanza nawachovya kwenye maji yanayochemka, nawakausha hadi wavunjike kwa vidole, kisha nawakamua wangali wa moto kwa mashine ya kukamulia alizeti. Mashudu yake husagika bila taabu, na protini hupanda. Ila jiandae na mizani: kilo 3 hivi za wabichi hukupa kilo 1 tu ya wakavu. Hapo ndipo wengi huishia njiani.

Wavune wangali weupe. Wakishageuka weusi ganda limekuwa gumu, na samaki hawalimeng'enyi vizuri. Weusi waache wawe nzi, wakutagie mayai.

Kosa langu la pili lilikuwa uroho: niliondoa unga wote wa samaki kwenye chakula, nikaweka wa funza. Perege walikula vizuri tu, lakini kila nikipima uzito haupandi kama zamani. Funza wana upungufu wa methionini, kijenzi kimojawapo cha protini, na mafuta yao hayana zile omega-3, yaani mafuta muhimu kwa mwili, zilizomo kwenye samaki wa baharini. Sasa naondoa theluthi moja ya unga wa samaki. Sisemi theluthi ya chakula chote, maana watu huchanganya hapa. Soya na pumba zinabaki palepale. Vifaranga wa samaki siwajaribishii kabisa.

Na chunga unachowalisha funza. Umoja wa Ulaya uliruhusu protini ya wadudu kwa samaki wa kufugwa mwaka 2017, lakini ukakataza wadudu hao kulishwa samadi au makombo ya jikoni. Mimi nafuata hilo ingawa hakuna anayenikagua, kwa sababu mabuu haya hukusanya kadimiamu, metali yenye sumu, kutoka kwenye taka chafu.

Ukitaka kujaribu, tenga kizimba kimoja, kingine kiendelee na chakula chako cha kawaida. Pima samaki 20 wa kila upande baada ya kila wiki 2, uandike kwenye daftari.